Rangi Zote Zimfuate Kirangozi Mmoja

Wanangu mnaochapa fulana za mahafali, vitenge vya harusi na lebo za asali hapa Tabora, neno langu ni la kazi yetu. Nalisema kwa sababu nikipita Isevya, Ng'ambo au maeneo ya stesheni naona fulana zimetundikwa milangoni zenye nyuso mbilimbili: wekundu wa mdomo umeachana na mstari mweusi wa mdomo, njano ya ua imetoka nje ya ua, na mahali rangi mbili zilipopaswa kukutana umebaki ufito mweupe wa kitambaa ambao mchoraji hakuuchora. Nikiuliza, jibu ni lilelile: printa yangu ni ndogo, ni ya wino tu, nikipata mtaji nitaagiza mashine ya maana kutoka Dar. Sikubaliani na jibu hilo. Printa ya wino ya mezani, ile ya karatasi za A4, inaweza kutoa filamu nne, moja kwa kila rangi, zikalingana vya kutosha kwa fulana au kitambaa chochote mnachokipokea. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzilinganisha, na huo hakuna duka linalouuza.

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kuja Kazeh, yaani hapa Tabora, na kuendelea Ujiji ilikuwa na kirangozi. Alitangulia na bendera, na mamia ya wapagazi nyuma yake walimfuata yeye. Njia ikigawanyika, hakuna aliyemtazama jirani yake kuamua pa kwenda. Nanyi katika filamu zenu mteueni kirangozi. Mara nyingi atakuwa nyeusi, kwa kuwa ndiyo iliyobeba herufi, macho, nywele na vivuli. Kazi ikikosa nyeusi, twaa rangi nzito yenye michoro mingi kuliko zote. Kisha kila filamu nyingine ilinganishwe na huyo, huyo peke yake. Nawaona wengi wenu mkilinganisha majenta na nyeusi, halafu samawati na majenta, halafu njano na samawati. Hapo kila hatua inarithi kosa la hatua iliyotangulia. Robo ya milimita ikirudiwa mara tatu upande uleule ni robo tatu ya milimita, na kwenye fulana iliyochapwa kwa vitone vya mistari 45 kwa inchi, kitone kimoja na nafasi yake hakifiki hata milimita 0.6. Yaani njano yenu imeshahama kitone kizima, na ngozi ya bibi harusi imekuwa rangi ya majivu. Mkimfuata kirangozi, kila rangi itakuwa na kosa lake dogo, na kosa hilo halitamrithisha mwenzake.

Kazi hii ya kulinganisha ni kongwe kuliko printa zetu. Tarehe 17 Mei 1861, mjini London, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu picha ya utepe wa kitambaa cha mirabaraba. Thomas Sutton alikuwa ameupiga picha utepe huo kupitia vichujio vya rangi: chekundu, cha kijani na cha buluu. Picha hizo zikaangazwa kwa taa tatu, kila taa na kichujio chake, zikalazwa mahali pamoja, na rangi za utepe zikatokea. Mwaka huohuo wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walikuwa hapa Unyamwezi wakihangaika kupata wapagazi, na mali ya njia hii ya misafara ilihesabiwa kwa kitambaa: merikani, kaniki iliyotiwa nili, barsati yenye mlia mwekundu, debwani na sohari zilizotoka Omani. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba picha ile ya rangi ilikuwa ya kitambaa. Na ilikuwa na shida yetu hiihii, kwani taa moja ikisogea, rangi zinatawanyika.

Wachapaji wa vitabu waliichukua njia ileile ya vichujio kwa kamera kubwa. Kichujio chekundu kilitoa negativu ya samawati, cha kijani kikatoa ya majenta, cha buluu ikawa ya njano. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria polepole. Kichujio chekundu hupitisha mwanga mwekundu tu, basi palipokosa wekundu pakabaki peupe kwenye negativu, na hapo ndipo unapotakiwa wino unaoumeza wekundu, nao ni samawati. Watu wa Tabora si wageni wa kazi ya chapa. Kipalapala palikuwa na Tanganyika Mission Press, na vitabu vyenye jina la TMP Book Department vilisomwa mbali na hapa. Leo kuitenga picha ni kazi ya CorelDRAW au Photoshop, dakika moja imekwisha. Ila programu haiwezi kuiweka filamu juu ya filamu. Hiyo imebaki kazi ya macho na vidole vyenu.

Jueni pia mnachokichapa. Skrini inataka positivu: weusi mahali wino utakapopita, kwa kuwa mwanga huigandisha dawa ya skrini na penye kivuli dawa huoshwa na maji. Baadhi ya bamba za ofseti, na picha za mkono zinazochapwa kwa dawa za mwanga, zinataka negativu, yaani kinyume chake. Ulinganishaji ni mmoja, ila negativu ina jambo moja zuri ambalo wenye positivu hawalijui. Ukilaza negativu mbili kwenye meza ya mwanga, kila msalaba wa kulinganishia ni ufa mwembamba ndani ya weusi. Zikikaa sawasawa, mwanga unapita upana wote wa ufa na msalaba unang'aa. Zikiachana kidogo tu, ufa unasinyaa, na zikiachana zaidi unazimika. Jicho linakosea likipima mistari miwili myeusi iliyo karibu karibu, lakini halikosei kuona mwanga umezimika. Kwa hiyo hata wewe wa skrini, nje ya picha yako chora visanduku vyeusi vyenye msalaba mweupe ndani, mahali palepale kwenye kila filamu. Mstari wa msalaba uwe kama milimita 0.3, maana ukiuchora mwembamba kuliko huo wino utasambaa na kuuziba. Baada ya kuosha skrini vizibe visanduku hivyo kwa selotepu, visichape.

Sasa printa yenyewe. Kichwa chake kinakwenda kushoto na kulia kikiongozwa na utepe wa plastiki wenye vistari vidogo vidogo, kwa hiyo upana wa picha hutoka karibu sawa kila mara. Urefu hauna ulinzi huo. Urefu unategemea magurudumu ya mpira yanavyoikamata filamu na kuivuta, na filamu inateleza kuliko karatasi. Vumbi la kiangazi likishika magurudumu, inateleza zaidi. Ndiyo maana mnakuta misalaba ya juu imekaa vizuri na ya chini imeachana. Na filamu inapotoka kwenye magurudumu ya nyuma ikabaki imeshikwa na ya mbele tu, huruka kidogo, basi sentimita mbili tatu za mwisho acheni tupu, picha isifike huko.

Dawa ya tabia hiyo ni kuzitendea filamu zote jambo lilelile. Rangi zote ziwe kwenye faili moja la PDF, kurasa za ukubwa mmoja, na mahali pa ukubwa andika asilimia 100. Usiiachie programu ijipangie. Filamu zote zitoke pakiti moja, ziingizwe kwa trei moja, zielekee upande mmoja, zikiwa na ubora uleule wa uchapaji, moja baada ya nyingine katika mkao mmoja. Kama printa ni ya A3 na picha ni ndogo, panga mbili ubavu kwa ubavu kwenye filamu moja, kwa sababu magurudumu yakiteleza yatateleza kwa zote mbili. Zote zichapwe kwa wino mweusi, hata ya njano. Nimewaona wanaochapa ya njano kwa wino wa njano, kisha wanashangaa kwa nini haionekani kwenye meza ya mwanga. Umeme ukikatika katikati ya filamu, itupe. Ukikatika kati ya filamu ya pili na ya tatu, subiri urudi uanze na ya kwanza. Najua filamu ni ghali kwenu. Fulana zilizoharibika ni ghali zaidi, na mteja hashukuru kwa hizo.

Ziache zikauke, zimelala, kabla ya kuzigusa. Halafu zisome. Misalaba minne, mmoja kila upande wa picha, inakuambia kila kitu ukiwa na subira ya kuitazama yote kwa lenzi kabla ya kusogeza chochote. Ikiwa yote imeachana kuelekea upande mmoja kwa kiasi kimoja, filamu imesogea tu, isogeze nayo itakaa. Ikiwa wa kushoto umepanda na wa kulia umeshuka, filamu imepinda, izungushe. Lakini ikiwa wa juu unakaa na wa chini hauwezi kukaa kabisa, na ukiukalisha wa chini wa juu unaachana, basi urefu wa filamu hizo mbili si mmoja, na hapo hata ukisogeza mpaka usiku haitasaidia. Twaa rula ya chuma, pima msalaba hadi msalaba. Tofauti ikizidi milimita 0.3, chapa upya. Ikiwa chini ya hapo, usiigawe kuanzia katikati ya karatasi kama watu wengi wanavyofundishwa. Anzia usoni. Weka macho na mdomo vilingane kabisa, na kosa lisukumwe kwenye pindo la shati, kwenye maua ya pembeni, kwenye anga. Mtu akipokea fulana yenye sura ya mama yake hatazami maua kwanza.

Hali ya hewa ya kwetu mnaichukulia poa mno. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Tabora inakauka mpaka midomo inapasuka, na mvua za Novemba zikianza kila kitu kinanyonya unyevu. Filamu ya poliesta ya urefu wa sentimita 40, ikipata joto la nyuzi 20 zaidi ya mwenzake, inarefuka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo, lakini kinajumlishwa na utelezi wa printa. Karatasi ya kufuatishia, ile mnayoitumia kwa kuwa ni rahisi, ni mbaya zaidi: wino wake wa maji peke yake unaifanya ijikunje mawimbi. Itumieni kwa kazi ya rangi moja. Na ninyi mnaochoma skrini kwa jua, msichome nyeusi saa nne asubuhi na njano saa nane mchana, filamu ya kwanza ikitoka kivulini na ya pili ikiwa imelala juu ya kioo kilichokwisha kupata moto. Andaa skrini zote kwanza gizani, kisha zichome mfululizo, filamu zikisubiri pamoja kivulini.

Kulinganisha kwa macho na kubandika selotepu moja kwa moja kwenye skrini ni kujitesa, kwa sababu kila skrini inakuwa na mahali pake. Kuna njia ya pini, nayo haidai fedha nyingi. Panchi ya kawaida ya ofisini inatoboa matundu mawili ya milimita 6, yaliyoachana sentimita 8 toka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jingine. Mwombe seremala akukazie boliti mbili za milimita 6 kwenye ubao ulionyooka, kwa umbali huohuo. Kata vifito kutoka filamu zilizoharibika, vitoboe kwa panchi. Vika kifito kimoja kwenye pini, laza filamu ya kirangozi, ibandike kwenye kifito hicho. Kisha vika kifito cha pili juu ya pini zilezile, laza majenta juu ya nyeusi, tafuta mwanga wa misalaba, ibandike kwenye kifito chake. Ondoa majenta kabla ya kuleta samawati, ili samawati imwone kirangozi na si jirani. Ukimaliza, kila filamu ina matundu yake, na wakati wowote ukiivika kwenye pini inarudi mahali pake penyewe.

Ubao huo uwe na vituo vitatu vya kuegeshea fremu: viwili ubavu mrefu na kimoja ubavu mfupi. Kila fremu isukumwe mpaka iguse vyote vitatu, ndipo filamu ibandikwe kwenye skrini. Vituo vya namna hiyohiyo viwe kwenye meza yako ya kuchapia. Nimeona vijana waliokuwa wakitumia asubuhi nzima kusogeza fremu nne wakimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, baada tu ya kutengeneza ubao huu.

Halafu mjifunze kwenye kanga. Chukua kanga yoyote ya bibi yako, itazame kwa karibu pale pindo linapokutana na mji, yaani sehemu ya katikati. Mara nyingi utakuta rangi hazijakutana sawasawa, na bado kanga inapendeza, kwa sababu aliyeichora aliweka mstari mweusi mnene mpakani na rangi zote mbili zimeingia chini ya mstari huo. Mchoraji yule alijua kitambaa kitavutika na mashine itahama, akaacha nafasi ya kuhama. Nanyi fanyeni hivyo kwenye kompyuta. Rangi hafifu ipanuliwe ipite chini ya nzito kwa nusu milimita hivi, na nyeusi ichapwe juu ya vyote badala ya kukatiwa tundu. Kwa maoni yangu kazi ya rangi mbili iliyochorwa kwa akili hiyo inaishinda ya rangi nne iliyokamuliwa kutoka picha ya simu, na ningependa muwaambie wateja hivyo bila kuogopa. Lebo ya asali haihitaji picha ya msitu mzima. Njano moja nzuri na nyeusi inatosha, na chupa inauzika.

Mezani, kitambaa nacho kinahama. Fulana ya pamba ikikaushwa baada ya rangi ya kwanza inasinyaa, na rangi ya pili inakuta picha imekuwa ndogo. Ipitishe kwenye joto mara moja kabla ya kuanza, ndipo uchape. Igandishe vizuri kwenye ubao, wavu wa skrini uwe umekazwa, na skwiji isukumwe kwa nguvu moja na pembe moja kwa rangi zote, kwa kuwa anayekandamiza zaidi anauvuta wavu na picha inakwenda nao. Chapa ya majaribio iwe kwenye kitambaa kilekile cha mteja, si kwenye gazeti.

Kuna kazi moja ninayotaka muichukue kwa uzito kuliko nyingine zote, nayo ni fulana za kumbukumbu ya marehemu. Wafiwa wanakuja jioni na picha ya pasipoti, maziko ni kesho, wanataka rangi zote. Waambieni ukweli. Kwa muda huo sura ya rangi moja, nyeusi au kahawia, kwa vitone safi, itatoka yenye heshima, na rangi nne zilizokimbizwa zitamtoa marehemu na midomo miwili, na familia itaitunza fulana hiyo kwa miaka. Sijui kosa la uchapaji linaloniumiza kama hilo. Msiseme mteja wa kwetu haoni. Njia hii ya misafara ilikuwa na wanunuzi wakali wa rangi tangu zamani. Shanga nyekundu ndizo zilizopendwa Unyamwezi, nyeusi zilikubalika Ugogo na kukataliwa kwingine, nyeupe zikapata soko Ufipa, na mfanyabiashara aliyefungasha rangi isiyo yake alibaki na mzigo ambao hata chakula haukumnunulia. Mjukuu wa wanunuzi hao ndiye anayesimama mlangoni kwako akiigeuza fulana kwenye mwanga.

Kazi ikiisha, filamu zote ziwekwe kwenye bahasha moja, zimelala, na juu ya bahasha andika tarehe, jina la kazi, printa iliyotumika, trei, na ipi ni kirangozi. Mteja akirudi baada ya miezi sita akitaka fulana nyingine, zivike kwenye pini uzitazame upya, kwa kuwa ulizichapa kiangazi na sasa ni masika. Na ukikuta moja imekwaruzika au imepotea, usichape hiyo moja ukaichanganya na za zamani. Chapa zote upya, kwa siku moja.